Kilo Mbili Zilizorudi Kutoka Timau

Jumanne, Novemba. Mvua ilianza saa nane mchana na mpaka sasa hainyamazi.

Inapiga mabati kama ina kesi na sisi. Nimekaa jikoni karibu na moto, simu mkononi, miguu ndani ya beseni la maji moto kwa sababu ya haya magoti. Ng'ombe wamekula. Baba Makena amesinzia kwenye kiti chake mdomo wazi. Huu ndio wakati wangu.

Nyinyi ambao mmekuwa mkisoma hapa mnajua mimi huandika mambo ya mapishi na shamba, na mara moja moja naandika juu ya mtoto wangu Makena. Sawa, mara nyingi naandika juu ya Makena. Ni yeye alinifungulia hii blogu mwaka jana. Aliniambia, "Mama, wewe unaongea sana, hebu andika." Mimi sikufika mbali na masomo, niliachia darasa la nane, lakini kalamu sijawahi kuiogopa. Barua zote za kina mama wa kanisa letu huandika mimi, na hazijawahi kurudishwa.

Leo sina mapishi. Leo nataka kuungama.

Nilimdanganya mtoto wangu kwa picha.

Wacha nianze mwanzo. Makena ni binti yangu wa pili, na alipewa jina la mama yangu mzazi, kama ilivyo desturi kwetu. Kwa hivyo mimi humwita mama. Yeye naye huniita mama. Mgeni akitukuta tukiongea hawezi kujua ni nani alimzaa nani, na siku zingine hata mimi nasahau, maana huyo msichana ana amri kama za mwenye jina. Anasomea mambo ya lishe kule Embu, mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa tatu! Kaaga hapa tuko na shule kila kona, na watoto wenye akili ni wengi, sikatai. Lakini wao wana mama zao wa kuwasifu. Mimi nasifu wangu.

Mwezi wa nane nilienda kliniki kuonyesha goti. Daktari alinifunga ule mkanda wa presha kwa mkono, akaangalia, akanifunga tena, halafu akaita mwenzake aje aangalie pia. Mtu akiitiwa mwenzake ujue si sifa. Nikapewa dawa ya presha na nikaambiwa kilo zipungue. Nilipompigia Makena nilimsimulia nikicheka, nikamwambia hata mizani yao ilishtuka.

Yeye hakucheka.

Mama yangu, huyo Makena wa kwanza, alikufa na presha. Alipooza upande mmoja, akalala miezi mitano, halafu akaenda. Makena wangu alikuwa kidato cha pili wakati huo, na kila likizo ndiye alikuwa akimlisha uji na kijiko. Mimi nadhani ndiyo sababu alienda kusomea chakula. Hajawahi kuniambia hivyo, lakini mama anajua.

Basi, mwezi uliopita mizani ikafika na gari ya kutoka Embu, imefungwa ndani ya sweta yake ya zamani. Na karatasi, kwa ule mwandiko wake mzuri: kila asubuhi, ukitoka choo, kabla ya chai, unapanda, unapiga picha, unanitumia. Alikuja Jumamosi moja akaniwekea pia kwa simu ile programu ya kuhesabu kalori. Kalori, kwa wale hamjui, ni ile nguvu iko ndani ya chakula. Kila kitu kiko nayo. Ndizi iko nayo. Hata chai, nilishangaa, na ni mimi huyu wa vijiko vitatu vya sukari.

Hiyo programu ni kitu cha ajabu. Inakuuliza umekula vikombe vingapi vya mukimo. Mimi nimepika na kuponda mukimo tangu nikiwa na miaka tisa na sijawahi kuona mtu akipima mukimo na kikombe. Mukimo hupimwa na mwiko, na huruma ya yule anayepakua. Lakini nilijaribu. Nilinunua kikombe kimoja cha bati, nikakiweka kando, kikawa kikombe cha kalori, na ole wake mtu akinywea maji.

Nilianza siku ya Alhamisi. Nilipunguza sukari, nikapunguza chumvi, chapati nikaiangalia tu kwa mbali kama mtu mmekosana. Mizani ilisema tisini na moja na nukta tatu.

Ijumaa ikasema tisini na nukta sita.

Jumapili ikasema themanini na tisa na nukta tisa. Na ikaendelea hivyo, kila asubuhi inashuka, mpaka Ijumaa iliyofuata ikasema themanini na nane na nukta mbili. Siku nane tu! Kila asubuhi nilikuwa naamka mbele ya jogoo ili nipande hiyo kitu. Makena alikuwa ananijibu na mioyo na makofi, na mimi natembea kwa nyumba kama mtu ameokota kitu.

Sasa nyinyi mnanijua. Kitu kizuri kikinifikia, siwezi kukaa nacho.

Jumatano ya hiyo wiki tulikuwa na mkutano wa kina mama. Tulipofika mahali pa mengineyo nikasimama. Niliwaambia nimepunguza kilo tatu. Ilikuwa mbili na nukta nane, lakini nukta ni ya watu wadogo. Nikageuka polepole waone mshipi wangu umeingia tundu la ndani. Nikawaambia hii ni kazi ya Makena, mtoto wangu, anasomea Embu, na kama kuna mwenye tumbo linamsumbua aseme nimuunganishe. Wanawake watatu wakaniandikia majina hapo hapo.

Nkatha, jirani yangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema kutoka nyuma, "Mama Makena, na hizo kilo zilitoka upande gani? Kwa sababu mimi hukaa nyuma yako kanisani na mhubiri bado simuoni."

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nilicheka pia. Mtu aliye na kilo tatu chini anaweza kucheka na mtu yeyote.

Halafu ikaja Jumamosi, na Timau.

Kanana, binti ya ndugu yangu, alijifungua msichana huko Timau. Kwetu mtoto akizaliwa wanawake huenda kumuona, na hamuendi mikono mitupu. Mnabeba ndizi, mnabeba unga wa wimbi, mnabeba kuku kama mko naye. Na mkifika mnapikiwa na mnakula na mzazi, na uji wake mnakunywa. Mgeni anayekataa uji wa mzazi ni kama amekuja kumuangalia mtoto kwa jicho baya. Mimi ndiye tata, shangazi yake. Tata ndiye huketishwa kwa kiti kizuri na kupakuliwa wa kwanza.

Timau ile siku kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Upepo unatoka mlimani, unapita kwa ngano, unaingia moja kwa moja ndani ya mifupa. Nikapewa uji uliochacha vizuri, ndani ya kibuyu, na ulikuwa moto. Nikapewa supu ya mbuzi yenye chumvi ya ukweli, si hii ya kunyunyiza na vidole viwili. Mukimo wa ndizi na njahi, yale maharagwe meusi. Chapati. Nilipoweka kijiko chini Kanana akaniangalia na yale macho ya mtu amejifungua juzi.

"Tata, hata hujamaliza. Ama siku hizi huko Kaaga mnakula kwa macho?"

"Nimeshiba, mama wa mtoto."

"Umeshiba na nini? Wewe ndiye tata. Ukikula hivyo, mimi nitakula aje? Huyu mtoto atanyonya nini?"

Sasa mtu angefanya nini? Nikamaliza. Nikaongezwa. Nikamaliza tena.

Na hapa ndipo nilifanya kosa ambalo Makena anasema vitabu vyao vyote havina. Jioni nikiwa kwa gari nilifungua ile programu, na kwa siku ya Jumamosi nikaandika: chai moja, ndizi moja. Basi. Hicho ndicho nilikula nyumbani asubuhi kabla ya kutoka. Sikuwa nataka kudanganya hapo, nawaapia. Vile nililelewa, chakula cha ugeni si chako. Unakikula kwa ajili ya aliyekupikia. Ni heshima, na ni nani huhesabu heshima?

Kitu kingine cha Timau. Mdogo wake Kanana, Gakii, anasomea mambo ya nywele na kucha, na anatafuta miguu ya kufanyia mazoezi. Akanivua viatu kabla sijasema kitu. Akanipaka kucha za miguu rangi nyekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Miaka hamsini na mbili, na sijawahi kupaka kucha! Nilipendeza. Nilipiga picha ya miguu yangu nikamtumia Makena jioni hiyo hiyo, nikaandika chini: ona mama yako.

Kumbukeni hiyo picha.

Jumapili asubuhi nilitoka choo, nikapanda mizani, na tayari nilikuwa nimeshika simu ya kupiga picha.

Tisini na nukta nne.

Nilishuka. Nikapanda tena. Tisini na nukta nne. Nikaibeba mizani nikaipeleka sebuleni, kwa sababu labda sakafu ya chumba cha kulala imeinama. Tisini na nukta nne. Nikaipeleka kwa veranda. Nikavua leso. Nikavua hereni. Nilipokuwa navua pete ya ndoa Baba Makena akatokea na kikombe chake.

"Sasa unaniacha?" akauliza.

"Natafuta kilo mbili."

Akaangalia ile mizani. Akaniangalia mimi, katikati ya veranda, na petikoti. "Mimi nilioa mtu mzima," akasema, "sikuoa vipande. Kuja unywe chai."

Siku nyingine ningefurahi. Lakini mimi nilikuwa nafikiria wale kina mama, na Nkatha, na yale majina matatu kwenye karatasi. Na zaidi ya yote nilikuwa nafikiria Makena akifungua simu yake asubuhi kule Embu, akitafuta picha. Mwalimu wao amewaambia kila mmoja achague mtu wa kumfuata miezi mitatu, na yeye alinichagua mimi. Jina langu liko kwa daftari yake ya chuo. Nikajiambia siwezi kumwaibisha.

Nikatafuta ile picha ya Ijumaa, ya themanini na nane na nukta mbili. Nikamtumia. Nikaenda kanisani, na kwa mara ya kwanza nilikaa nyuma ya Nkatha.

Makena alijibu neno moja tu: Sawa. Hakukuwa na moyo. Hakukuwa na makofi.

Jana, Jumatatu, niliamua kuzirudisha hizo kilo mahali zilitoka, na kwa siku moja. Asubuhi mizani ilisema tisini na nukta moja, na hiyo sikumtumia mtu, nilisema simu haina chaji. Nikanywa chai ya rangi bila sukari. Nikameza dawa ya presha. Nikashika jembe nikaingia kwa maharagwe bila kuweka kitu kingine tumboni, saa tatu, saa nne, saa tano. Kwa saa sita hivi shamba likaanza kuzunguka. Niliona maharagwe yakiwa juu na mawingu yakiwa chini. Nikapiga magoti kwa udongo.

Nkatha alikuwa upande wake wa ua. Akaruka kama msichana.

"Mama Makena! Umepoteza nini hapo chini?"

"Hakuna kitu. Naangalia kama wadudu wamekula mizizi."

"Wadudu gani, na mikono inatetemeka?" Akanishika kwapa. "Simama. Ukianguka hapa mimi sikubebi, kilo tatu zimetoka lakini zimebaki za kubebwa na tingatinga." Halafu akanikalisha kwa ukingo wa mtaro, akaenda kwake, akarudi na ndizi mbili mbivu na maziwa ndani ya jagi, akasimama hapo juu yangu mpaka nikamaliza. Hakusema kitu kingine. Na mtu kama Nkatha akikosa kusema, ujue ameogopa.

Makena alipiga simu saa kumi na moja, nikiwa natoa ng'ombe maziwa. Niliweka simu kati ya bega na sikio.

"Mama, kucha zako ziko wapi?"

"Kucha gani?"

"Jumamosi jioni ulinitumia kucha nyekundu. Ukaniambia nione mama yangu. Jumapili asubuhi umenitumia picha ya mizani, na miguu iko juu yake, na kucha hazina rangi. Jumatatu hukutuma. Sasa nauliza, hiyo rangi ilitoka na maji ya kuoga?"

Jamani.

Kujisifu kwangu ndiko kulinishtaki. Kama ningenyamaza na hiyo miguu yangu hakuna mtu angejua.

Nilisema kwanza kwamba Gakii alitumia rangi mbaya. Halafu nikasema simu inachanganya picha. Ng'ombe akapiga teke ndoo, na mimi nikashukuru kwa sababu nilipata kitu cha kupigia kelele. Nilipomaliza kupiga kelele yeye bado alikuwa hapo, ananingoja.

"Mama," akasema, "shosho alikuwa anatuambia nini kwa simu?"

Ninajua. Mama yangu alikuwa anasema yuko sawa. Kichwa kinamuuma wiki nzima, anasema yuko sawa. Macho yanaona mbili mbili, anasema yuko sawa, msije, gari ni mbali, angalieni ng'ombe wenu. Jumapili aliniambia hivyo kwa sauti nzuri kabisa, nikaamini, na Alhamisi akashindwa kuinuka.

"Mimi sitaki themanini na nane," Makena akasema. "Niambie mia moja, sijali. Lakini niko Embu. Sikuoni. Kile kitu ninacho ni hiyo picha tu. Ukinidanganya na hiyo, mimi nitakujua namna gani?"

Nililia. Nililia nikiwa nimeshika chuchu ya ng'ombe, na ng'ombe akageuza kichwa kuniangalia. Nikamwambia mtoto wangu yote: tisini na nukta nne, veranda, petikoti, chai ya rangi, kizunguzungu. Kwa kizunguzungu alinigombeza, na hapo sasa nilisikia mama yangu kabisa, ile sauti yenyewe, Mungu amlaze pema. Kwamba mtu wa presha hafungi kula akameza dawa akashika jembe. Kwamba nikirudia atapanda gari aje, mtihani au hakuna mtihani. Nikasema ndiyo, mama. Nikasema sitarudia, mama.

Alipotulia akaanza kunifundisha, na mnisikize pia nyinyi, kwa sababu hii elimu mimi naipata bure.

"Kilo mbili za mafuta hazipatikani kwa siku moja," akasema. "Ungekuwa umekula kama sahani thelathini za mukimo, juu ya chakula chako cha kila siku. Ulikula ngapi?"

"Tatu."

"Mama."

"Nne. Ya nne ilikuwa ndogo."

"Haya. Nne si thelathini. Hizo kilo zingine ni maji, mama. Chumvi ya supu inashika maji mwilini. Wanga pia, ndizi, chapati, uji, inawekwa mwilini pamoja na maji yake. Na chakula chenyewe kilikuwa bado kiko tumboni, kina uzito wake. Vitaenda."

Nikafurahi. Halafu wazo baya likanijia, nikauliza kwa sauti ndogo. "Na zile tatu za kwanza?"

Akapunguza sauti, vile mtu hufanya akitaka kukupa habari ya msiba. "Hizo pia. Nyingi zilikuwa maji. Ulipunguza chumvi na wanga ghafla, mwili ukaachilia maji. Wiki za kwanza huwa hivyo kwa kila mtu. Inashuka haraka, inapanda, inashuka."

Kwa hivyo ile kitu nilisimama nayo mbele ya kina mama wote, nikageuka nayo polepole, ilikuwa mkojo.

Na hapo nikamkumbuka baba yangu.

Baba yangu alinunua mbuzi na kuuza maisha yake yote. Wafanyabiashara wajanja walikuwa wanalambisha mbuzi chumvi usiku, asubuhi wanampitisha mtoni, na akifika sokoni tumbo limejaa kama ngoma, unaona mbuzi mkubwa, unalipa. Ukifika nyumbani amekojoa njia nzima na umebaki na mifupa. Baba hakuwahi kushikwa na huo mtego. Alikuwa anafika mapema, anakaa kwa jiwe, anangoja. Watu wanamcheka, yeye anangoja. Na hata baada ya kungoja haangalii tumbo. Anaweka mkono kwa mgongo wa mbuzi, anapapasa polepole ule uti, kwa sababu mgongo haujui kudanganya na maji. Nilikuwa mtoto nimeshika kamba, nikiona hayo kila siku ya soko.

Nikaanza kucheka hapo kwa ng'ombe, na machozi bado.

"Nini?" Makena akauliza.

"Mimi ni mbuzi wa soko! Timau walinilambisha chumvi, nikanywa maji, nikapanda mizani."

Nilimsimulia. Alicheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. Kisha akasema, "Mama, hiyo ndiyo kitu nimekuwa nikitafuta kueleza muhula mzima. Usiangalie tumbo la siku moja. Andika kila siku, ikipanda andika, ikishuka andika, halafu mwisho wa wiki tunapapasa mgongo." Akaniuliza kama anaweza kutumia hiyo hadithi ya babu yake kwa kazi yake ya chuo.

Kama anaweza! Sasa baba yangu, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, anafundishwa Embu. Someni hapo tena, mimi nangoja.

Leo asubuhi nilitoka choo, nikapanda. Themanini na tisa na nukta sita. Sikuenda veranda. Sikuvua pete. Nilipiga picha nikaituma vile iko, miguu yote miwili, kucha kumi za rangi ya kahawa iliyoiva. Halafu nikaketi nikanywa chai ya maziwa, kijiko kimoja cha sukari, na kiazi kikuu kipande kimoja, na nikaandika kwa programu. Nilirudi pia Jumamosi nikaandika Timau yote, sahani kwa sahani, na kibuyu cha uji. Programu iligeuka rangi nyekundu kama kucha zangu, na sikuogopa.

Makena anadhani ukweli, maji yakitolewa, unaweza kuwa nusu kilo ya mafuta. Labda na kidogo. Mchana huu kabla ya mvua nilienda kwa kabati nikatoa mafuta ya kupikia, ile pakiti ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa. Nikaishika. Nikaiweka kwa tumbo langu, hapa ubavuni. Ni nzito! Ni kubwa kuliko vile mtu anadhani. Ilikuwa inakaa na mimi kila mahali, shambani, kanisani, kitandani, na sasa haiko.

Kesho ni Jumatano, kina mama wanakutana. Nitabeba hiyo pakiti ndani ya kiondo. Tukifika kwa mengineyo nitasimama niseme kilo tatu zilikuwa maji, niombe wale watatu msamaha, halafu niiweke mezani wapitishe mkono kwa mkono, kila mmoja aipime mwenyewe. Nkatha atasema kitu. Nimeshaanza kutafuta jibu lakini na yeye namdai ndizi mbili na maziwa, hapana, yeye ndiye ananidai, kwa hivyo labda nitamwacha aseme.

Na je, ikipanda tena keshokutwa, nitakuwa na huu moyo? Sijui. Najijua vile napenda sifa.

Makena alijibu picha yangu saa moja kasoro, kabla hajaingia darasani. Hakuuliza kilo. Aliandika: Nimeona kucha. Asante, mama.

Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema hapa. Maji ya beseni yamepoa sasa, na Baba Makena ameamka anauliza kama kuna mukimo. Kuna. Nitampakulia na mwiko, mimi nichukue kikombe changu cha bati, na kesho kabla ya chai nitapanda tena, na itakachosema kitaenda Embu vile kilivyo.